Mstari wa Mitungi na Moto wa Upande wa Gotu

Siku nilipokabidhi funguo za lori, fundi wa yadi aliniuliza nitafanya nini sasa. Nilimwambia nitapumzika. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimesimama kando ya barabara mtaani kwetu Bulla Pesa, kikombe cha chai mkononi, nikisikiliza lori zikibadilisha gia na kuzitambua moja moja kwa injini. Mama mwenye ploti ninapopanga alipita na ndoo yake akasimama.

"Ekal, nani amekufukuza nyumbani?"

"Hakuna, Mama. Nasikiliza tu."

"Sikiliza ukiwa umevaa viatu, basi."

Nilitazama chini. Kweli, nilikuwa miguu mitupu. Ndipo nikaamua kukaa niandike. Mgongo wangu, ulionistaafisha kabla ya umri, bado unakubali kiti. Ni stelingi tu uliyoikataa.

Nawaandikia nyinyi mnaoendesha lori la maji sasa. Mambo ya vyeo na mishahara ulizeni ofisini, hayatawachukua muda mrefu. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe.

Niliingia nikiwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nilikuwa nimeshauza mitumba, nimebeba mawe ya ujenzi, na nimechunga ngamia wa mtu kule Sericho mpaka nikachoka kuzungumza na ngamia. Nilichukuliwa kuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa Mzee Guyo, Mborana mfupi sana aliyekalia gunia lililokunjwa mara nne ili aone mbele. Ukiwa barabarani uliona lori linakuja na kofia nyeupe tu juu ya stelingi.

Siku ya kwanza nilimsalimia kwa bidii nyingi mno. Aliitikia, akanipa fimbo ndefu iliyochongwa alama.

"Panda juu, fungua kifuniko, pima."

"Wamesema limejaa, Mzee."

"Nani amesema?"

"Wale wa kisimani."

"Wao ndio wataulizwa na akina mama huko mbele?"

Nikapanda, nikapima. Lilikuwa limepungua shubiri mbili. Mzee Guyo akarudisha lori chini ya bomba. Tangu siku hiyo, kwa miaka zaidi ya ishirini, sijawahi kuondoka kisimani bila kupanda juu. Vijana wa siku hizi wanagonga tenki kwa ngumi na kusikiliza. Ngumi yako haijui kusoma.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: fimbo ile, magogo mawili ya kuzuia magurudumu, mpira wa maji wa hatua kumi hivi, vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia panapovuja, na sepetu ya mchanga. Mchanga wa laga, ile mito mikavu tunayoivuka, ndio mwalimu wa pili. Toa upepo kidogo kwenye magurudumu kabla ya kuingia, wala si baada ya kukwama. Nimeona watu wazima, wenye leseni, wakifanya kinyume na kisha kulaumu mchanga.

Lakini somo kubwa la Mzee Guyo lilikuwa mstari wa mitungi. Wageni hawauelewi. Maji yakisemekana yatakuja kesho, leo jioni kila mama analeta mtungi wake wa plastiki mahali lori linaposimama siku zote, anauweka nyuma ya ule alioukuta mbele, anarudi kwake. Mtungi ndio mtu. Ukiuona mtungi wa kijani uliofungwa kamba ya sisali shingoni, huo si mtungi, huyo ni mama fulani amesimama hapo, na hakuna atakayempita hata akiwa amelala kwake. Kazi ya dereva ni moja. Koki ya nyuma isimame mbele ya mtungi wa kwanza. Mzee Guyo alikuwa akiteremka na kuangalia kwa macho yake, na kama amepita kwa hatua mbili, anarudisha.

"Hatua mbili tu, Mzee," nilimwambia siku moja, jasho likinitoka.

"Hatua mbili ni mama wawili," alisema. "Na hao wawili wana watoto, na watoto wana mashangazi. Rudisha."

Moto nao niliujua kupitia yeye. Mvua ikinyesha vizuri, nyasi zinafika kiunoni, kila mtu anafurahi. Zikikauka, mtu mmoja anafukuza nyuki ili arine asali, au mwingine anatupa kipisi cha sigara, na nyika yote kutoka Ngare Mara kwenda chini inageuka moto. Mara ya kwanza tulipoitwa twende na lori nilidhani tutazima moto. Nilikunja mikono ya shati. Mzee Guyo alicheka mpaka gunia likatoka chini yake.

"Maji haya ni ya kunywesha watu wanaopiga moto. Moto wenyewe unapigwa na matawi mabichi. Ukitaka kuumwagia maji, leta mto."

Ndivyo ilivyokuwa. Wanaume walisimama mstari mmoja wakiupiga kwa matawi, wachungaji wakapitisha ng'ombe huku na huku kukanyaga nyasi ili moto ukose njia, na sisi tuligawa maji kwa vikombe.

Jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu akaamini ni jinsi siku za moto zinavyoendelea kama siku nyingine. Niliona bwana harusi akipita na watu wake, majivu yamewatua mabegani kama unga, wakiimba. Niliona mwenye kibanda cha chai akifunika sufuria kwa gazeti, moshi umejaa, na bado anamwambia mteja sukari imepanda bei. Mtu mmoja alinisimamisha, moto ukionekana nyuma yake kilimani, nikafikiri anataka msaada. Alitaka nimpige picha. Akaikagua, akasema uso wake umetoka mweusi, nikapiga tena. Siku nyingine Mzee Guyo alisimamisha lori katikati ya moshi. Nilipochungulia, kobe alikuwa akivuka barabara. Hakuwa na haraka, na Mzee Guyo alivuta breki ya mkono kabisa.

Mzee Guyo alipostaafu alinipa fimbo ya kupimia na kuchukua gunia lake. Nikawa dereva. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuzunguka, nilifurahi sana peke yangu barabarani, nikaanza pia kuwa na tabia za mtu wa peke yake. Moja ya tabia hizo ilikuwa kuweka debe la dizeli la akiba nyuma ya kiti, ndani ya kebini. Kifuniko chake kilikuwa kibovu. Nilikifunga kwa plastiki nikajiambia nitanunua kingine. Kumbukeni debe hilo.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, katika miaka yangu ya mwisho. Ukame mkubwa ulikuwa umepita na kufagia mifugo, kisha mvua ikaja, kisha jua, na nyasi zikawa ndefu na kavu. Nilikuwa napeleka maji kijiji kimoja upande wa Gotu ambako Waturkana na Waborana wanaishi jirani, si kwa kupendana sana, bali kwa sababu ya njia ya lori. Walikuwa wamekaa siku nne bila maji. Niliufikia mti wa mgunga ambapo mstari huanzia na nikaona moshi umeshapanda nyuma ya kilima kidogo, upepo ukiuleta kwetu.

Mtungi wa kwanza ulikuwa wa Mama Halima. Ulikuwa wa kwanza mara nyingi. Ni Mborana, mjane, sauti yake inakutangulia kwa hatua hamsini. Kabla sijashuka alikuwa ameshanisalimia, amenilaumu kwa kuchelewa na kuniuliza habari za mgongo.

Wakati huohuo Akai akaja anakimbia. Huyu ni Mturkana, wa kwetu, boma lake la miiba liko upande wa pili, mkiani mwa mstari. Ukame ulikuwa umemwachia mbuzi kumi na saba tu, majike, na wote walikuwa wamezaa wiki hiyo. Mama zao walikuwa malishoni na shemeji yake, ng'ambo ya barabara, mbali na moto. Watoto wa mbuzi walikuwa ndani ya boma, wadogo wasioweza kutembea mbali, na boma la miiba mikavu linawaka kama karatasi.

"Dereva, lowesha miiba yangu," alisema. "Hao ndio uzao wangu wote. Wakiungua kundi langu halitainuka tena."

"Maji si yangu," nilimjibu. "Ni ya mstari."

"Uliza mstari."

Nilipaswa kuuliza. Hapo ndipo ningefanya kama Mzee Guyo, nisimame, niulize mama mmoja mmoja, ingechukua dakika mbili. Badala yake niliona moshi, nikaona mpira wangu wa hatua kumi haufiki, nikarukia kebini na kulisogeza lori mpaka karibu na boma. Sikuwaza koki itakuwa wapi. Nilipoteremka, koki ilikuwa imetazama mtungi wa mwisho.

Mwenye mtungi wa mwisho hakusubiri. Aliusukuma chini ya koki. Wa kabla yake naye akasukuma wake. Kutoka mgungani wakaja wale wa mbele wakikimbia, mitungi mikononi.

"Toa huo! Wewe umeuleta asubuhi hii!"

"Koki imekuja kwangu. Mimi nimeiita?"

"Nimelaza mtungi hapa tangu jana, halafu nipitwe na mtu aliyekuwa amelala na mume wake!"

"Wivu huo, dada! Mume nitakuazima, maji hapana!"

Niliuvuta mpira wangu kuelekea boma, mmoja akasimama juu yake, mwingine akaukalia. Nilipiga kelele kwamba maji ni ya boma, hakuna aliyenisikia. Moshi ulikuwa umeanza kutukohoza, ndege walikuwa wakipiga mbizi mbele ya moto wakila panzi, na pembeni mama mmoja amekalia mtungi wake anaongea kwa simu na ndugu yake aliye mjini: "Niko sawa, moto uko hapa tu. Hiyo gauni ni rangi gani? Hapana, mimi nilisema ya samawati."

Akai hakutupa hata jicho. Alikuwa ndani ya boma anaokota watoto wa mbuzi na kunipitishia juu ya miiba, wawili wawili. "Weka kwa lori," alisema. Nikaweka. Kebini ilijaa, kwenye kiti, chini ya kiti, juu ya dashibodi, mmoja akajikojolea kwenye gia.

Ndipo sauti ya Mama Halima ikapita juu ya zote.

"Mstari haujasogea! Lori ndilo limesogea!"

Aliupitisha mtungi wake katikati ya watu, akauweka chini ya koki. Hakuna aliyempinga, wote walijua ni wa kwanza. Nikafungua. Ulipojaa aliuinua, akatembea nao bila kumtazama mtu, akaumwaga wote juu ya miiba ya Akai.

Nyinyi hamjui, kwa hiyo nawaambia. Hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu mbuzi wa Akai alipokula mboga za Mama Halima, mwaka uliotangulia.

Mama Halima aligeuka na mtungi mtupu. "Wa pili ni nani?"

Wa pili akaja. Angefanya nini? Angejaza na kupeleka nyumbani mbele ya macho ya aliyemwaga? Akajaza, akamwaga. Wa tatu vilevile. Walifuatana hivyohivyo kwa mpangilio wa jana yake, mpaka aliyekuwa kwenye simu akasema, "Ngoja kidogo, ni zamu yangu," akaenda akamwaga, akarudi kwenye simu. Mpira wangu ulikuwa ungali chini, mtu ameukanyaga, na hakuna aliyeuhitaji.

Moto ulifika. Sitadanganya kwamba tuliuzima. Ulipofika mahali ambapo mifugo imekanyaga mpaka pakawa udongo mtupu ulikosa chakula, ukagawanyika, ukapita kulia na kushoto ukinguruma. Miiba ya Akai ilifuka upande mmoja, ikatoa mvuke, ikabaki imesimama. Yote hayakuchukua muda wa kunywa chai. Kisha kukawa kimya, na majivu yakaanza kutua juu ya vichwa vyetu, na mtu akacheka, na wote tukacheka.

Nilifungua mlango wa kebini kwa furaha ili nirudishe watoto wa mbuzi. Harufu ilinitangulia. Walikuwa wamelipindua debe. Dizeli ilikuwa imewalowesha migongo, matumbo, mikia, wote kumi na saba.

Niliwafuta kwa shati langu, nikafikiri yamekwisha. Alasiri shemeji yake Akai alirudi na majike, viwele vimejaa mpaka wanatembea wakiwa wametanua miguu. Walikuja mbio wakilia, na watoto wakawajibu. Kisha kila jike alimnusa mtoto wake, akarudi nyuma, akampiga kwa pembe.

Jike la mbuzi halimjui mtoto wake kwa macho. Linamjua kwa harufu. Hao walinuka lori.

Akai alijaribu mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akakaa chini.

"Dereva," alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "miiba haikuungua. Wangebaki ndani wangekuwa salama. Sasa bila maziwa hawatamaliza siku mbili. Umeniokolea, au umeniulia?"

Mchana kutwa nilikuwa mtu wa lori, na lori ndilo lililofanya hivyo.

Mama Halima alikuwa amesimama kwenye mstari, uliokuwa umeanza upya kutoka kwake, kwa maji yaliyobaki. Alikuja, akamwinua mtoto mmoja kwa miguu ya mbele, akamnusa, akakunja uso.

"Hii haitoki kwa maji," alisema. "Leta majivu. Si yapo hapo kila mahali?"

Tulichota majivu mepesi ya nyasi, yaliyopoa, tukawapaka watoto wa mbuzi mpaka wakawa wa kijivu wote. Majivu yalinywa mafuta. Tukawakung'uta, tukawapaka tena. Kisha ikaja haja ya maji ya kuwaogesha, na kwa mara ya pili siku hiyo nilitazama mstari. Safari hii niliuliza. Nilienda kwa mama mmoja mmoja, nikasimama mbele ya mtungi wake, nikamweleza kosa langu na nikaomba kikombe kimoja. Wengine walinipa, wengine walinitukana kwanza wakanipa baadaye. Yule wa simu alisema, "Nakupa vikombe viwili, cha pili uoge wewe."

Mama Halima alishika majike kwa pembe, moja baada ya jingine, na Akai akakamua maziwa kidogo kutoka kwa kila jike akampaka mtoto wa jike hilohilo mgongoni na chini ya mkia, kisha akanyunyiza chumvi. Mama Halima alikuwa akitoa sauti nyembamba kooni wakati huo wote, na sikujua kama alikuwa akimwimbia mbuzi au Akai. Jike la kwanza lilinusa, likalamba chumvi, likaonja maziwa yake mwenyewe, likaendelea kulamba. Mtoto akaingia chini.

Walikubali mmoja mmoja. Kumi, kumi na mbili, kumi na sita. Jua lilikuwa linashuka na sheria ya yadi ni kurudi kabla ya giza. Niliketi juu ya gogo la gurudumu. Wa mwisho alikuwa mdogo, madoa kifuani, na mama yake alikuwa mkaidi, kila akimnusa anapiga teke. Akai alimpaka maziwa mara tatu. Mara ya nne alimkamata mtoto, akamsugua kwenye shingo na kifua cha mama yake mwenyewe, akamshusha.

Jike liligeuza kichwa. Lilinusa kwa muda mrefu. Halafu likaachia miguu ya nyuma ikatanuka, na tukaona mkia wa yule mdogo ukianza kutikisika.

Mama Halima aliachilia pembe, akajifuta mikono kwenye kanga. Akai alibaki amechuchumaa pale mpaka akahakikisha kwamba mtoto anameza. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Sasa unaweza kwenda," alisema.